Mikomamanga Chini ya Udongo

Oqariq, 23 Novemba 1983

Mavluda,

Mama yako amekufa. Jana Jumanne, alfajiri. Tulimzika baada ya sala ya adhuhuri, karibu na bibi yako, upande wa mfereji.

Ilikuwa tumbo.

Najua barua za nyumbani alikuwa anaandika yeye. Sasa ni mimi. Nilisoma madarasa manne tu, kwa hiyo mwandiko wangu utauvumilia.

Usije. Hali yako hairuhusu, na theluji imeanza kule milimani. Watu walikuja wengi. Mama yako mdogo Zebiniso alikuja kutoka Kokand, akamwosha yeye mwenyewe. Hakuna kilichopungua.

Mikomamanga mitatu ya nyuma ya nyumba bado iko wazi. Lazima niilaze niifukie kwa udongo kabla ya Jumapili, baridi isije ikaiua. Mama yako alikuwa analaza matawi chini, mimi nafunga kamba. Nitaona nitafanyaje.

Msalimie Davron.

Baba yako,
Hoshimjon


Tashkent, 1 Desemba 1983

Assalamu alaykum baba,

Barua yako imefika leo. Leo! Siku nane. Tarishi ameileta pamoja na gazeti. Niliona mwandiko siujui, nikadhani wamekosea mlango. Nimeifungua nimesimama jikoni, mwiko mkononi.

Telegramu ingefika siku ileile. Posta ya Oqariq iko hatua mia mbili kutoka mlangoni kwetu. Mlipita mbele yake mkiwa mmembeba mama.

"Ilikuwa tumbo." Tumbo gani? Tangu lini? Oktoba mama aliniandikia kurasa nne. Ameanika zabibu juu ya paa. Amemshonea mtoto kigodoro. Bi Hojar amegombana na jogoo wake mwenyewe. Neno la tumbo halimo. Mtu hafi kwa tumbo kwa siku moja, baba. Ulijua?

Na karatasi yote hiyo unayo, mwisho wake unaniambia habari za mikomamanga. Mama yangu amekufa, wewe unawaza matawi.

Daktari ameniambia nilale nyumbani, anataka miguu iwe juu ya mito. Davron amevificha viatu vyangu vya baridi, hataki kusema viko wapi. Ningekuja hata peku. Unajua ningekuja. Ndiyo maana ukaandika "usije", kama mtu anayefunga geti.

Nijibu jambo moja: kwa nini hukutuma telegramu? Usiponijibu hilo usiniandikie mengine. Sitajibu.

Mavluda


Oqariq, 12 Desemba 1983

Mavluda,

Sikutuma. Niliamua mimi. Usimlaumu mama yako mdogo wala majirani. Nilaumu mimi.

Sina jibu lingine la kukupa sasa.

Umesema nisiandike habari za miti. Sina habari nyingine. Nachimba, basi. Mama yako alikuwa anaona mambo, ananisimulia mimi, kisha anakuandikia wewe. Mimi naona udongo.

Ile mitatu nimeifukia. Mti wa kwanza nilikanyaga matawi kwa goti huku nafunga kamba kwa meno. Bi Hojar alikuwa ananichungulia kwao, juu ya ukuta. Akasema, "Mzee, unapigana na mti au mnacheza ngoma?" Nikamwambia aje acheze yeye. Akaja. Alilaza matawi ya miwili iliyobaki. Hajui kulaza, ana haraka. Tawi moja la upande wa ukuta limevunjika. Nimeweka majani makavu, kisha mkeka wa zamani, kisha udongo mpaka kiunoni. Nimepiga kwa mgongo wa jembe pasiwe na ufa.

Nilirudi kazini siku ya nne. Watu wamesema. Waache. Kwenye shamba la pamoja kulikuwa na safu kumi na tisa hazijafukiwa, na wenye kujua kufukia tuko watatu.

Lala kama daktari alivyosema. Mwambie Davron aendelee kuvificha hivyo viatu.

Baba yako,
Hoshimjon


Kokand, 28 Desemba 1983

Shemeji Hoshim,

Salamu nyingi. Sikuulizi hali, najua utasema "nipo".

Mavluda ameniandikia kurasa sita. Amesema hivi, nakunukulia: "Baba hana moyo, ana jembe." Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikalia mpaka binti yangu Umida akaja kuniuliza nani tena kafa.

Sasa nisikilize, maana nikija huko hunisikilizi, unakwenda zako shambani.

Mimi nilikuwepo Septemba. Nilikuwa nimekaa miguuni pa kitanda pale dada yangu alipokuwekea mkate mkononi akakuapisha: Mavluda asijue kitu mpaka mtoto atoke. Na najua kwa nini. Mimba ya kwanza yule binti alipanda treni kuja kwenye harusi ya Umida wangu, akarudi Tashkent tumbo tupu. Ya pili alikuja kukuona wewe ulipoanguka kwenye mtufaha, ikawa yaleyale. Salomat alisema, "Huyu wa tatu hatanifuata mimi kaburini." Nilisikia kwa masikio yangu.

Lakini shemeji, Salomat alidhani ataishi mpaka masika. Alidhani atamwambia mwenyewe, mtoto akiwa mapajani, wagombane, walie, yaishe. Hakukuachia wewe kazi hii. Na wewe kwa kazi hii hufai. Barua yako ya kwanza kwa Mavluda ilikuwa na habari nusu za mama yake, nusu za miti!

Mwambie. Au niruhusu nimwambie mimi. Mimi sikushika mkate. Na mdomo ninao, Mungu hakuninyima. Ila sitakuruka bila ruhusa yako.

Kwa sasa yule binti analala huku anakuchukia. Unaona hilo ni zuri kwa mimba?

Kula. Si chai na mkate tu. Kula.

Zebiniso


Oqariq, 11 Januari 1984

Shemeji Zebiniso,

Nipo.

Hapana. Usimwambie.

Akijua sasa kwamba mama yake alimficha kwa sababu ya tumbo lake, atalichukia tumbo au atajichukia. Akinichukia mimi haidhuru. Mimi si mjamzito.

Imebaki miezi miwili. Niliapa kwa mkate, tena mkate alioukanda yeye. Wa mwisho kuukanda ulikuwa ule.

Umeuliza kama nakula. Nakula.

Tuko katikati ya zile siku arobaini za baridi. Mfereji umeganda mpaka chini. Kazi ni ndogo. Asubuhi napita safu zote kuangalia kama tuta limepasuka au panya wamechimba. Napiga magoti, naingiza mkono mpaka kwenye kwapa, nashika tawi. Likiwa baridi na kavu, sawa. Nikitoa mkono nanusa. Ukinuka uyoga, maji yameingia. Mpaka sasa haujanuka.

Nikitoka huko sina la kufanya. Nakaa karibu na jiko nawaza bustani ya nyumbani. Sijawahi. Miaka thelathini na miwili Salomat anapanga, mimi nachimba. Anasema hapa, nachimba hapa. Sikujua kupanga ni kazi. Kichwa kinauma, wallahi.

Nimefika hapa: mzabibu wa ukuta wa kusini umezeeka. Nitaukata, nipande mwingine. Ile mipilipili ya mwaka jana ilikuwa kivulini, kosa langu, nitaihamisha. Nyanya karibu na mfereji kama kawaida yake. Na rehani. Rehani sijui mbegu aliziweka wapi. Nimefungua makopo yote. Nimepata mbegu nyeusi ndogo kwenye kitambaa, nimezinusa, sijazijua. Nitazipanda tu. Zikitoka tutajua ni nini.

Na nimeacha sehemu moja wazi, mbele ya dirisha. Hapo nataka mti ambao mtoto akianza kutembea uwe kimo chake. Sijaamua mti gani. Bado nawaza.

Umesema kwa kazi hii sifai. Kweli. Lakini mwingine hayupo.

Hoshimjon


Tashkent, 4 Februari 1984

Baba,

Nilisema sitaandika. Nimeandika. Usifurahi.

Mtoto anapiga teke mpaka sahani inaruka nikiiweka tumboni. Daktari ameridhika. Anasema ni mwanzoni mwa Machi.

Mama mdogo ameniandikia nisikuhukumu. Hakusema kwa nini. Davron naye nikimuuliza anaangalia dirishani. Naona kila mtu ana kitu mkononi na anakificha nyuma.

Sikuulizi tena telegramu. Nina swali dogo. Mama aliniulizia? Ndiyo au hapana. Neno moja tu, baba, hata wewe unaliweza. Usiku nalala macho wazi, nafikiri pengine aliniita na mimi nilikuwa huku napika supu.

Mavluda


Oqariq, 26 Februari 1984

Shemeji Zebiniso,

Nimeua mikomamanga.

Nakwambia mimi kabla hujasikia sokoni. Safu sita za shamba la pamoja, na ile mitatu ya nyumbani.

Mavluda aliniandikia. Aliuliza kama Salomat alimuita. Neno moja, alisema. Niliandika jibu mara tatu. Nikisema ndiyo, atauliza kwa nini basi hamkuniambia. Nikisema hapana, namzulia maiti uongo. Karatasi zote tatu nimezichoma jikoni. Binti yangu amekaa hana jibu mpaka leo.

Kisha tarehe 10 joto likaja. Watu wakavua makoti. Milozi ikaanza kuvimba machipukizi. Wewe mwenyewe unajua, mkomamanga haufukuliwi mpaka mwisho wa Machi, na anayewafokea wenye haraka kila mwaka ni mimi. Mwaka juzi nilimwita Inomjon punda mbele ya watu kwa sababu alitaka kufukua wiki moja mapema, na yeye ndiye msimamizi wetu.

Safari hii nilikwenda mimi kwake. Nikasema, "Tufukue."

Akasema, "Mzee Hoshim, Februari? Una uhakika?"

Nikasema, "Nafukua miti hii tangu wewe unanyonya. Udongo umepata joto, ikikaa humo itaoza."

Akasema, "Mwaka juzi uliniita punda."

Nikasema, "Mwaka huu utakuwa punda usiponisikiliza."

Wakacheka, wakachukua majembe. Siku mbili, safu sita. Ya tatu nikafukua ya nyumbani peke yangu. Matawi yalikuwa mazima, yametoka mekundu, yananyooka taratibu. Niliyaona yanavyonyooka, nikakaa chini pale pale.

Tarehe 19 baridi ikarudi. Asubuhi ndoo ya maji ilikuwa imepasuka. Nimekwaruza gome kwa kucha, ndani ni kahawia. Kila mti. Zile safu kumi na tatu tulizoziacha ziko salama chini ya udongo.

Inomjon hakunitukana. Alivua kofia, akasema, "Mzee, nenda nyumbani upumzike kwanza." Bora angenitukana.

Utauliza kwa nini. Udongo haukuwa umepata joto. Nilijua. Mkono wangu ulinambia, nikaukatalia. Ni kwamba nilichoka kuyaona yale matuta. Nikitoka mlangoni, matuta. Nikifika kazini, matuta. Ijumaa nikienda kwa Salomat, tuta. Nilitaka nifungue kitu kimoja nikute kizima.

Kwa hiyo jibu la Mavluda litasubiri. Hilo nimejifunza, japo kwa miti ya watu. Zimebaki wiki mbili. Sitafungua.

Niko nyumbani. Sina ninachofanya.

Hoshimjon


TELEGRAMU
Tashkent, 9 Machi 1984

BINTI. KILO TATU NA ROBO. MAVLUDA MZIMA. MTOTO MZIMA. DAVRON


Oqariq, 12 Machi 1984

Mavluda,

Hongera. Nimeisoma telegramu ya Davron mbele ya watu wote posta. Bi Hojar alipiga vigelegele mpaka farasi wa tarishi akashtuka.

Sasa nakujibu. Nilikuwa nasubiri siku hii.

Uliuliza kama nilijua. Nilijua tangu Agosti. Daktari alinitoa nje akaniambia hakuna cha kukata, uvimbe umeenea. Nilimwambia mama yako tukiwa kwenye basi, tunarudi. Cha kwanza alichosema ni, "Mavluda asijue." Kabla hajalia. Septemba akaniapisha kwa mkate, mama yako mdogo yupo. Sababu unaijua. Zile safari mbili. Aliogopa utapanda treni mara ya tatu. Na mara ya pili ulikuja kwa ajili yangu mimi, kwa mguu tu uliovunjika. Kwa hiyo sikuweza hata kubishana naye.

Ile barua ya Oktoba aliiandika siku tano. Anaandika kidogo, analala. Zabibu hakuanika yeye, nilianika mimi, nusu zimeoza. Jogoo wa Bi Hojar ni kweli. Kigodoro ni kweli, alikishona, kimebaki upande mmoja. Barua niliipeleka posta mimi mwenyewe, na nilijua kilichomo.

Uliuliza telegramu. Siku ile nilikwenda. Nilifika dirishani. Yule mama wa posta akaniuliza, "Maneno mangapi, mzee?" Nikasimama. Watu wakajipanga nyuma yangu. Nikasema hakuna maneno, nipe bahasha. Barua ingechelewa, ungekuta tumeshazika, usingekuwa na cha kukimbilia. Nilifikiri hivyo.

Uliuliza kama alikuita. Ndiyo. Kila siku. Siku mbili za mwisho alikuwa anadhani Bi Hojar ni wewe. Anasema, "Mavluda, umekuja?" Bi Hojar aliniangalia. Nikamwonyesha kwa kichwa, kubali. Akasema, "Nimekuja, mama." Mama yako akamshika mkono, hakuuachia mpaka mwisho. Kama nilikosea hapo, ni mimi, si yeye.

Hayo ndiyo yote. Hakuna kingine nyuma.

Na jingine, ulisikie kwangu. Nilifukua mikomamanga mapema, baridi ikaiua. Niko nyumbani, nimepumzishwa.

Sikuombi kitu.

Baba yako,
Hoshimjon


Tashkent, 23 Machi 1984

Assalamu alaykum baba,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mara ya kwanza niliitupa. Davron akaiokota, akaiweka juu ya kabati kama dawa. Sasa iko chini ya mto wangu.

Mlinifunika. Wewe na mama, mlinilaza, mkanifunga kamba, mkanifunika, na hakuna aliyeniuliza. Mimi ni mtu mzima wa miaka ishirini na saba. Labda ningekuja na kumpoteza huyu. Labda ningekuja na nisimpoteze. Sitajua mpaka nakufa. Mlinichagulia ninyi. Namwangalia analala, sithubutu hata kutamani ingekuwa vingine. Unaona mlichonifanyia?

Nina hasira na mama, na mama hayupo wa kugombana naye. Kwa hiyo nitagombana na wewe. Jiandae. Itachukua miaka.

Bi Hojar usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe nikija, nikiushika huo mkono wake.

Kile kigodoro nitumie kama kilivyo. Usimpe mtu akimalizie.

Mtoto ana masikio yako, pole yake. Nataka kumwita Salomat. Davron amekubali. Wewe unasemaje?

Na uje huku. Umepumzishwa, miti imekufa, unakaa kuangalia nini? Tuna vyumba viwili. Mama mkwe amesharudi kwake. Kuna roshani, utaweka makopo yako ya mbegu, utatusema kwa kumwagilia vibaya. Siulizi kwa adabu tu. Njoo.

Mavluda


Oqariq, 1 Aprili 1984

Mavluda,

Gombana. Nitasoma zote.

Kigodoro kinakuja na mtoto wa Bi Hojar Alhamisi. Sikukiosha.

Inomjon alikuja Jumatano. Hakuingia ndani, alisimama kwenye geti. Alisema wilaya wanataka kuleta trekta ing'oe zile safu sita, wapande pamba. Akauliza, "Mzee, juu kumekufa. Chini je?"

Nikasema sijui.

Akasema, "Muongo wewe. Kama hujaenda kuangalia basi nivue kofia hii niile."

Nilikuwa nimekwenda. Nilichimba mti mmoja mpaka kwenye mzizi, nikakwaruza. Ni mweupe, una maji. Mzizi uko hai. Ukikata shina lote usawa wa ardhi sasa hivi, kabla joto halijakaza, utachipuka. Machipukizi yatakuwa arobaini, hamsini, yanasongana. Lazima mtu apite kila wiki, achague manne, mengine ayatoe. Akikosea kuchagua, kinabaki kichaka. Matunda ni mwaka wa nne.

Inomjon akasema, "Basi njoo ukate."

Nikasema nina aibu. Wale watu walinifuata kwa sababu ni mimi.

Akasema, "Aibu yako itashika msumeno?" Akaondoka. Sikwenda Alhamisi. Sikwenda Ijumaa.

Jana ndipo barua yako ikafika. Nilifikiri utaniambia basi, yameisha, pumzika baba. Hukusema. Umesema miaka. Basi na mimi nina miaka ya kuwepo, nikasema moyoni. Nikatoa msumeno nikaunoa.

Umesema hatukukuuliza. Kweli. Sasa nakuuliza. Nikija huko sasa, trekta itaingia na hakuna atakayeizuia. Nikibaki, nakuja arobaini ya mtoto ikiisha, tarehe 18, kwa treni, nakaa siku tatu, kisha narudi kwa machipukizi. Na hivyo kila mwezi nikipata mapumziko. Ukisema, "Hapana, uje moja kwa moja," nakuja moja kwa moja. Naweka msumeno chini. Chagua wewe. Nijibu kwa telegramu, mama wa posta ataniletea mlangoni.

Mpaka inifikie nitakuwa nakata, maana kila siku ni safu moja.

Jina ni lenu. Ni jina zuri. Lakini mkimpa, akikua akauliza bibi alikufaje, mwambie alikufa kwa tumbo, na ni kweli. Hayo mengine ni yetu, mimi na wewe na mama yako mdogo. Yeye asije akasema moyoni kwamba alimgharimu mtu. Hakumgharimu mtu. Tulichagua sisi wakubwa.

Msalimie Davron. Mwambie sasa akurudishie viatu, na kwamba alifanya vizuri kuvificha.

Kesho narudi kazini.

Baba yako,
Hoshimjon